Kiti Kisichokaliwa

"Karibu ndani ya gari langu."

Kwa maneno hayo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, Mama Yadi akiwa mguu mmoja chini, mguu mmoja juu ya ngazi ya basi namba moja, na mbele yake mwanamke asiyemjua amejikalia kwenye kiti cha nyuma ya dereva. Kiti ambacho katika kampuni ya Taratibu hakuna mtu aliyepata kukikalia.

Kwa msomaji aliyekutana na hadithi hii leo kwa kufungiwa sabuni dukani ndani ya gazeti hili, niseme kwa kifupi. Taratibu ni mabasi tisa madogo yanayozunguka mji: hospitali, soko, stesheni, kisha hospitali tena, kutwa nzima kama mshale wa saa. Jina lilikuwa la mwenyewe. Madereva walimwita hivyo kwa sababu neno lake lilikuwa hilo moja, taratibu, taratibu. Watu wa mjini wakawa wanatania: ukiwa na haraka nenda kwa miguu, ukiwa na nafasi panda Taratibu.

Sasa Taratibu amekufa, na Mama Yadi ni mjane wake. Amekubali kutia sahihi kampuni iuzwe. Wanunuzi wanakuja asubuhi hii, na anayewaleta ni shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Amekubali kwa nini? Si kwa njaa, wala si kwa kutishwa. Amekubali kwa sababu tangu mazishi hakuna kitu kinachomgusa. Akila, anakula kama mtu anayetia gari mafuta. Akisali, maneno yanatoka kama mtu anayesoma vibao vya barabarani. Hajalia. Majirani wameshasema ana moyo wa jiwe, naye alipoletewa maneno hayo alijibu, "Huenda," akaendelea kuanua nguo.

Kwa hiyo hakupiga kelele.

"Gari lako?" akauliza. Sauti haikupanda wala haikushuka.

"Langu. Ingia basi, dada, usisimame ngazini. Taratibu alikuwa anawachukia watu wa ngazini."

Mama Yadi akaingia. Hakuona pengine pa kukaa karibu, akakaa kiti cha dereva, akajipindua. Nje, konda wa basi lile alikuwa anaosha magurudumu kwa mpira wa maji, huku anasimulia jambo refu na hakuna anayemsikiliza. Ni mtu mzima mwenye masharubu, lakini kwa mdomo wake watu walimpa jina la Redio.

"Umeingiaje humu?" Mama Yadi akauliza.

"Kwa mlango. Nimepandia stesheni, mzunguko wa kwanza. Nimepelekwa hospitali, nimepelekwa sokoni, nimeletwa mpaka hapa yadini. Konda wako amepita ubavuni mwangu anachezesha sarafu, hakunidai nauli, hakunishusha. Hakuniona."

Mama Yadi akatoa kichwa dirishani. "Redio!"

"Naam, Mama!"

"Asubuhi umebeba mtu kiti cha nyuma ya dereva?"

"Mungu apishe mbali! Kiti kile? Mama, kile hata fuko la vitunguu siwekei."

"Na huyu ni nani?"

Redio akachungulia kiooni. Mpira ukamponyoka, maji yakamwingia viatuni asijue.

"Mama," akasema, "haki ya Mungu, huyo mtu sikumwona."

Wala hakusema uongo. Konda akiajiriwa Taratibu, somo lake la kwanza si kurudisha chenji, ni kukisahau kile kiti. Abiria mgeni akikielekea anaambiwa kimevunjika. Wenyeji hawasogei. Dereva akitazama kioo cha ndani, jicho linakiruka. Ni kama mtu mwenye jino bovu: mwaka wa kwanza anakumbuka kutafuna upande wa pili, mwaka wa tano hajui tena kama ana upande huu. Humo ndimo mgeni alimokaa, akatembezwa mji mzima bure.

"Na wewe, mkewe," mgeni akasema, "hukumwuliza kiti ni cha nani?"

"Niliuliza nilipoolewa. Akasema ni cha Mungu. Sikuuliza tena. Cha Mungu hakiulizwi."

Mgeni akacheka kwa puani. "Mungu hapandi basi, dada. Kiti ni changu. Mimi ni mke wake wa kwanza."

Mwanamke mwingine hapo angevua kiatu. Mama Yadi alitazama maji ya mpira yanavyotafuta njia kwenye vumbi, yakifika kwenye jiwe yanasimama, yanafikiri, yanazunguka.

"Mke wake wa kwanza alikufa," akasema. "Mimi niliolewa na mgane."

"Ndivyo mlivyoambiwa. Unajua gari la kwanza la kampuni hii lilikuwa nini?"

"Basi."

"Wapi! Lilikuwa gari la kusambazia mikate. Tulilinunua kwa mwoka mikate, abiria wanashuka wananukia kama wametoka tanurini. Halikuwa na madirisha. Fundi wa kuchomea akayatoboa, lakini alipimia akiwa amesimama! Abiria akikaa anaona mawingu tu. Kila kituo ni 'Tumefika wapi? Tumefika wapi?' Ikabidi nisimame mlangoni nipige kelele: hospitali hapa, soko hapa."

Mama Yadi akawaza kidogo. Makonda wa Taratibu mpaka leo wanataja kila kituo kwa sauti, na mabasi yote tisa yana vioo vinavyoshuka mpaka magotini. Siku zote alidhani ni heshima kwa abiria.

"Nilikuwa mshonaji," mgeni akaendelea. "Nilikuwa na cherehani tatu. Mbili nikaziuza tukanunua gari. Ya tatu nikashonea viti, turubai kwa nje, vipande vya nguo za watu kwa ndani. Akaniambia nitakulipa nini. Nikamwambia usinilipe. Katika kila gari utakalopata, kiti kimoja ni changu, nyuma yako, nikuone unavyokwenda. Akaapa."

"Sasa kwa nini ukaondoka?"

"Mama yangu aliugua, na kwetu ni mbali. Nikaenda kumwuguza. Ugonjwa ukawa mrefu. Salamu zangu nilikuwa nazituma kwa shemeji yetu, ndiye aliyekuwa anapita huko na mizigo. Nikituma za moto zinarudi baridi. Mwisho akaja na neno: kaka amekuacha, ameoa, usije ukajiaibisha. Nikameza. Nikabaki huko huko na cherehani yangu moja."

"Huku alikuja na neno la homa," Mama Yadi akasema. "Kwamba ilikuchukua."

"Na alinizika, au aliniacha juu ya ardhi?"

"Sijui. Mimi sikuwepo bado. Tumwulize, huyo anaingia."

Kweli. Geti dogo lililia, na viatu vya Shemeji vikaanza kulia nyuma ya geti. Alikuwa mtu wa viatu vya kulia. Kwapani ana mkoba, uso umenyolewa mpaka unang'aa. Mgeni akavuta mtandio ukafika kwenye kope, akageukia dirishani. Hakuna zaidi alichofanya.

Shemeji akapanda, akaegemea nguzo ya mlangoni, urefu wa mkono mmoja kutoka alipo yule mwanamke. Msomaji, hukumbuki nilivyosema? Huyu ni mtu wa kampuni kuliko makonda wote. Jicho lake lilipita pale kama linavyopita hewani.

"Ah, shemeji, umejificha humu! Wageni wako njiani. Kalamu hii, karatasi hizi. Sahihi yako hapa, na hapa. Wakifika iwe ni kupeana mikono tu."

"Nitaweka. Nina swali moja."

"Uliza hata matatu, leo siku yako."

"Kiti hiki nyuma yangu. Ni cha nani?"

Shemeji akapunga mkono upande ule bila kugeuza shingo, kama anafukuza nzi. "Hicho? Ulikuwa ni ugonjwa wa marehemu. Kiti cha mkewe wa kwanza. Nimemwambia mpaka nimechoka: kaka, maiti hapandi basi, weka abiria. Hataki. Hawa wanunuzi kesho tu watakiwekea abiria."

"Kwani alikufa kweli?"

"Shemeji! Maswali gani hayo? Nimemzika kwa mikono hii. Mvua inanyesha, kaburi linajaa maji, tunayakumba kwa ndoo. Udongo wa kwanza nimetupa mimi."

"Udongo wa rangi gani?"

"Mwekundu, unanata kama..."

Akakoma. Alikuwa anamtazama Mama Yadi usoni, na midomo ya Mama Yadi haikuwa imefunguka.

Shingo ya Shemeji ikageuka polepole.

"Kwetu ni mchanga mtupu," mgeni akasema, anashusha mtandio. "Mweupe kama unga. Umesahau, shemeji? Gari lako lilizama, wadogo zangu wakalisukuma."

Mkoba ukamtoka kwapani ukaanguka miguuni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijapata kuona iliyo fupi hivi, ya kutoka mlangoni mpaka kiti cha kwanza.

Nilidhani atapiga magoti. Mtu mwingine angepiga. Yeye aliokota mkoba, akaupangusa vumbi, na alipoinuka uso ulikuwa umeshakaa sawa.

"Haya. Yuko hai. Mungu ashukuriwe. Ndiyo nini sasa?"

"Ndiyo nini?" mgeni akasema. "Umenizika mzima, unaniuliza ndiyo nini?"

"Ndiyo, nilisema umekufa! Unajua gari la pili lilitaka kuandikwa jina la nani? La kwako! Wewe uko kwenu, miguu juu. Nani aliyeliendesha? Nani aliyelala chini yake grisi inamdondokea machoni? Mimi nilikuwa nipewe nini, salamu?"

"Ungeomba."

"Kwa Taratibu? Mtu ambaye ukimwomba leo anakujibu mwakani?"

Hapo, msomaji, hata mgeni alitaka kucheka, maana hilo lilikuwa kweli. Lakini kicheko hakikufika.

Shemeji akamgeukia Mama Yadi, sauti imelainika. "Shemeji yangu, haya ni mambo ya zamani. Wewe ulikuwa hujaingia. Wageni wakimkuta huyu hapa watakimbia, wataogopa kesi. Weka sahihi sasa hivi, kila mtu apate chake, na yeye tutamtazama."

Nje maji yanaendelea kumwagika. Redio amesimama dirishani, mpira ameuokota lakini hajaufunga.

"Nipe kalamu," Mama Yadi akasema.

"Dada!" mgeni akaruka. "Utatia sahihi? Baada ya uliyoyasikia?"

"Nimesikia. Amemdanganya marehemu, amekudanganya wewe, na mimi nikaolewa juu ya uongo wake. Nimesikia yote." Mama Yadi alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Lakini hayaingii, dada. Ni kama unanipa habari za mji ambao sijapata kufika. Jana walikuja kuniambia jikoni kwangu panaungua sufuria. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nimechoka kukaa mbele ya vitu. Auze tu. Nikalale."

Akaweka karatasi juu ya usukani. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Shemeji akaanza kupumua.

"Sawa," mgeni akasema taratibu. "Usidhani uko peke yako. Mimi pia sijalia. Nimeanza kuwa mjane leo asubuhi, na mpaka sasa nangoja yashuke. Lakini kabla ya herufi ya pili, niulize nimekijuaje kifo chake."

"Watu wa kwenu wamekuambia."

"Kwetu hakuna ajuaye. Nimekijua ndani ya basi hili. Akina mama wawili nyuma yangu walikuwa wanazungumza, maskini Taratibu, asubuhi asubuhi karakana, gari liko juu, jeki ikateleza."

Kalamu ikasimama.

"Sasa ulikuja kufanya nini," Mama Yadi akauliza, "kama hukujua amekufa?"

"Nilikuja kumwuliza kwa nini hakurudi kunichukua."

"Kukuchukua?"

"Alikuja kwetu. Kuna abiria wake mmoja alinitaja kwa jina, mshonaji fulani, yuko mahali fulani. Alikuja na basi hili hili, tupu. Akakaa kwenye kizingiti changu, akalia mpaka kuku wakamkimbia. Akasema, kesho asubuhi namwita mdogo wangu karakana, mimi na yeye tu, anieleze kwa nini. Nikimaliza naye, namwambia mke wangu mwenyewe kwa mdomo wangu, ni mtu wa haki, atanielewa. Kisha nakuja. Nikafunga mzigo, nikakaa nao mlangoni. Siku zikapita. Nikasema, huyu na utaratibu wake, safari hii amezidi. Nikapanda gari kumfuata."

Mama Yadi alikuwa anaiona asubuhi ile. Watu walimletea habari yuko uani. Alipofika karakana, humu humu yadini, kila mtu alikuwa ameshafika, madereva, makonda, mafundi. Shemeji ndiye aliyefika mwisho, anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaanguka juu ya maiti akalia kuliko wote. Alimwonea huruma. Yeye, asiyeweza kulia, alimwonea wivu.

"Shemeji," akasema. "Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Stesheni. Si mnajua? Namba sita ilipata pancha, nimekesha nayo. Niseme mara ngapi?"

"Kaka yako hakukuita karakana?"

"Aniite saa ngapi? Huyu mwanamke amekuja kutuchonganisha. Amekaa na chuki yake huko, imeiva, ameileta."

"Mama," sauti ikasema dirishani.

Alikuwa Redio. Lakini haikuwa sauti ya Redio tuliyoizoea. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea ndani ya nyumba yenye mgonjwa.

"Namba sita haikuwa stesheni, Mama. Ililala hapa hapa yadini, mimi ndiye niliyeizibia pancha, jioni iliyotangulia. Na alfajiri mimi ndiye niliyemfungulia Shemeji geti. Akaniambia, hukuniona. Basi nami... Mama, si unajua tulivyofundishwa humu."

Wakati ule ule honi ikalia nje ya geti kubwa. Honi ya gari zuri, fupi, yenye adabu. Wanunuzi.

"Redio, fungua geti," Shemeji akasema.

Redio hakusogea. Alimtazama Mama Yadi.

Umepata kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Ukiwa umekufa hauumi, hata ukiuchoma sindano. Damu ikianza kurudi ndipo unapouma, unatamani ungebaki umekufa. Basi kitu cha namna hiyo kilianza kwenye vidole vya Mama Yadi, kwenye kalamu, kikapanda na mkono. Akaona vidole vimeikaza kalamu. Akavitazama kwa mshangao, kama vya mtu mwingine.

Honi ikalia tena.

Mama Yadi akaichana karatasi katikati. Hakuichana kwa hasira. Aliichana kwa kuifuata mikunjo yake, akaviweka vipande juu ya dashibodi.

"Usifungue," akasema. "Walio nje wabaki nje. Na aliye ndani asitoke."

"Wewe mwanamke una wazimu!" Shemeji akafoka, akateremka ngazi kwa kuruka. Lakini yadi ilikuwa imeshaanza kujaa. Madereva walikuwa wametoka magarini mmoja mmoja, wameusikia ukimya wa Redio, kitu ambacho hakijapata kusikika, wakaja kutazama kuna nini. Wakasimama baina yake na geti. Hakuna aliyemgusa. Ila hawakumpisha.

Shemeji akazunguka, akarudi. Akafunga kifungo cha koti. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akatabasamu.

"Vizuri. Fungeni. Kaka alisema wewe ni mtu wa haki, si ndiyo? Basi, mtu wa haki, usiulize nusu. Geti alinifungulia Redio, sikatai. Na kaka alikuwa chini ya gari, nilikwenda kumsikiliza, hilo pia sikatai. Nilisimama pale mlangoni, mikono yangu mfukoni." Akanyoosha kidole dirishani. "Sasa mwulize huyo konda wako, jeki alikuwa ameishika nani."

Madereva wote wakamgeukia Redio. Mgeni akasimama kwenye kiti chake. Mama Yadi akashuka ngazi moja, akashuka ya pili, akamwendea konda wake mpaka maji ya mpira yakamlowesha miguu, na safari hii aliusikia ubaridi wake.

"Redio," akasema. "Mwanangu. Mwambie anaongopa."

Masharubu ya Redio yalicheza mara moja. Mdomo ulifunguka.

Haukutoa kitu.